Krismasi ya Watu Saba

Jumapili, 16 Novemba 1997

Nimeamua. Krismasi hii tunakwenda mapumziko. Sote saba! Matajiri wa Capri Point wanakwenda kila mwaka, kwani sisi miguu yetu ina nini?

Nimetangaza mezani baada ya misa. Pius, mume wangu, akaacha kutafuna. Akauliza kwa fedha ipi. Nikamwambia fedha ni neno la pili, neno la kwanza ni nia. Akasema neno la kwanza kwake lilikuwa barua. Barua yenyewe nilimsomea mimi. Kupunguzwa kazi, Septemba, baada ya miaka ishirini na moja kwenye mashine za kiwanda cha nguo. Nyama ikapoa kwenye sahani yake.

Lakini ndiyo sababu hasa! Januari mume wangu anakwenda Geita, machimboni, kutengeneza mashine za kusaga mawe. Odeta, binti yetu mkubwa, anahamia Kahama na mumewe Nkwabi na kichanga chao, kwa kuwa tajiri wa Nkwabi anafungua duka la vifaa vya ujenzi huko. Queen, mdogo wake Odeta, anarudi bweni. Na Mama yangu, kule Magu kwa kaka, ana miaka sabini na sita. Sasa nani anijibu mwakani tutakuwa wapi? Ni mwaka huu. Siku tatu, ukoo wangu wote chini ya paa moja, tule chungu kimoja. Sijawahi kukiona hicho tangu niolewe.

Tatizo ni moja tu. Mama na Pius hawajawahi kukaa chumba kimoja. Miaka ishirini na mitatu! Si ugomvi, ni ukwe. Mtu na mama mkwe wake hawali pamoja, hawalali nyumba moja, hawatajani majina. Pius akimwona Mama njiani anachepuka hadi kwenye mpunga wa watu. Mambo ya kizamani. Lakini nitayapanga. Nimepanga mafaili ya kampuni miaka ishirini — nitashindwa na watu wawili?

Jumatano, 19 Novemba

Nimepata mahali! Rest house ya kampuni yetu ya pamba. Iko ziwani, unapita Magu kidogo, halafu unaingia kushoto. Zamani mabwana wakubwa walikuwa wanakwenda kule kukagua ginneri, kiwanda cha kuchambua pamba, na kunywa bia. Sasa imebaki popo na mlinzi. Nyumba kubwa yenye vyumba vitatu na sebule, banda la nyuma lenye chumba kimoja, jiko la nje. Bure! Ukimpelekea mlinzi sukari na mafuta ya taa inatosha.

Kampuni inauzwa, ndiyo. Kila kitu kinauzwa siku hizi, hata kiti ninachokalia kimebandikwa namba. Ila mpaka kiuzwe, mimi bado nakikalia.

Jumamosi, 22 Novemba

Mvua. Redio inasema El Nino. Queen, aliye likizo na anajua kila kitu, amenieleza kwamba ni bahari imepata joto huko Peru. Sasa bahari ya Peru na bati langu la Igogo vinajuana wapi? Nimetega masufuria mawili sebuleni.

Odeta amekuja kutoka Buswelu na mtoto, Winnie. Miezi minne, ana mashavu! Nkwabi aliwaleta na pick-up ya tajiri wake akabaki nje, kwenye usukani, vioo juu. Nimemtuma Queen na kikombe cha chai. Kikombe kimerudi kimejaa. Ati ameshiba. Tangu wafunge ndoa mwaka jana kijana huyu ameshiba! Sijamwona hata kijiko kikigusa mdomo. Ana maringo, nasema. Odeta akacheka, akasema si maringo, Mama. Sikumsikiliza. Mpishi anajua anapodharauliwa.

Lakini pick-up tutaipata. Tajiri amekubali, mafuta juu yetu. Kaka yangu anatoa mchele, mimi natoa jogoo wawili. Mambo yanakwenda.

Ijumaa, 28 Novemba

Leo nimepiga taipu barua ambayo vidole vyangu vilikataa. Rest house inakabidhiwa kwa mnunuzi tarehe 20 Desemba.

Tarehe 20!

Nimemaliza kuipiga, nimeitia kwenye faili, nimekwenda chooni nikakaa dakika tano. Nikanawa uso. Nikagonga mlango wa mfilisi.

Mfilisi ametoka Dar, ana miwani minene na hacheki. Tunamwogopa wote kwa kuwa ndiye anayetuzika. Nikamwambia wazi: mzee, mimi ni mtumishi wa miaka ishirini, naomba nyumba ile siku tatu za Krismasi kabla hamjaitoa. Akaniuliza kama nina homa. Ati nani anakwenda mapumziko na mvua hii? Nikasema watu wasiojua kama watapumzika tena. Akavua miwani. Akasema atafikiria.

Pius sijamwambia. Mambo ya "si nilikwambia?" sina haja nayo.

Jumanne, 2 Desemba

Mfilisi kaniita. Mnunuzi amepiga simu, barabara imekatika sehemu mbili, hawezi kuja kabla ya mwaka mpya. Makabidhiano tarehe 5 Januari. Ufunguo huu hapa, Mama Odeta, na msivunje kitu — kila kikombe kipo kwenye orodha.

Asante, Peru!

Nimerudi nyumbani naimba. Sasa ndipo nikamweleza Pius habari nzima, tangu barua mpaka ufunguo. Akasema, wewe ungekuwa meneja, kiwanda chetu kisingekufa. Miezi mitatu hajanisifu mtu huyu. Moyo wangu ulijaa, sifichi.

Jumapili, 7 Desemba

Nimeandika mpango. Karatasi ya kampuni, nakala tatu, kaboni katikati.

Safari: mimi mbele na Nkwabi, niangalie barabara. Pius, Odeta na mtoto, Queen — nyuma. Tukifika Magu, Mama anaingia mbele na mimi, tunabanana. Hamwoni Pius wala Pius hamwoni.

Malazi: nyumba kubwa, chumba cha kwanza Mama na Queen, cha pili Odeta na Nkwabi na mtoto, cha tatu mimi. Pius peke yake banda la nyuma. Maskini, lakini atavumilia.

Chakula: meza moja ndefu sebuleni, mimi kichwani, Nkwabi kulia kwangu ili nione hiyo shibe yake inatoka wapi. Mama anakula chumbani mwake, mlango wazi. Pius barazani, dirisha wazi. Paa ni moja, chungu ni kimoja. Nani atasema hatukula pamoja?

Nimeisoma mara tatu. Haina pengo.

Jumanne, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru, ofisi imefungwa. Nimekwenda Magu na basi kumwonyesha Mama mpango. Barabara ni uji mtupu, tumeshuka kusukuma mara mbili. Nimefika na matope magotini, Mama anamenya viazi vya michembe, vya kukatwa na kuanikwa juani, kana kwamba hakuna El Nino duniani. Nikamwamkia shikamoo, nikakaa, nikasoma mpango wote kwa sauti.

Alisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza akauliza kitu kimoja tu.

"Na wewe mkwe wako utamweka wapi?"

Nikasema, Mama, nimeshakueleza. Pius yuko banda la nyuma.

"Pius"— hapana, hakusema Pius, hajawahi kulitamka. Alisema: "Huyo bwana wako ni mkwe wangu mimi. Nakuuliza wa kwako."

Nilikaa na karatasi yangu kama mtu aliyesahau kusoma. Nkwabi! Nkwabi ni mkwe wangu. Mimi ni mama mkwe. Mimi! Nina miaka arobaini na minne, navaa viatu vya kisigino, napiga maneno sabini kwa dakika!

Mama alicheka mpaka kisu kikamponyoka. Ati nilitaka kukaa mbele garini bega kwa bega na mkwe! Ati nilitaka kumtazama akitafuna! "Umesoma sana mwanangu," akasema, "ila hujajihesabu."

Na ile chai? Na ile shibe? Mwaka mzima kijana ananiheshimu, mimi nampakazia maringo. Huko garini alikuwa anajificha kwa adabu. Nimeona haya mpaka masikioni.

Nikajitetea: Mama, sisi wa mjini tumeacha hayo. Akasema sawa, kama mmeacha mmeacha. Halafu akachukua viazi saba akavipanga chini. Yeye, Queen, Odeta, Nkwabi na Winnie, nyumba kubwa. Mimi na Pius, banda. Maana bibi na mume wa mjukuu ni watani, huyo ni mume wake, atakaa naye mbele garini na kumpiga makofi akitaka. Mimi na mume wangu nyuma.

Dakika moja! Mimi nilitumia wiki tatu na kaboni mbili.

Jumamosi, 13 Desemba

Nimepiga taipu mpango mpya. Nimeongeza: chakula cha Krismasi nje, kwenye majani, chini ya turubai. Turubai halina kuta, kwa hiyo si nyumba. Mama upande huu na wajukuu, Pius upande ule na Nkwabi, mimi ninatembea na vyombo. Hilo la turubai ni wazo langu mwenyewe.

Nimewaza pia. Hayo ya ukwe kwa Mama nayaheshimu, ni mzee. Lakini mimi na Nkwabi? Huyu kijana atakwenda Kahama, ataniletea wajukuu, na mimi nisijue hata anacheka namna gani? Hapana. Mimi mtu wa kisasa. Siku ya Krismasi nitamwita kwa jina, nitampa sahani kwa mkono wangu, yaishe. Nimemwambia Pius. Akasema haya. Ana "haya" moja ambayo si kukubali.

Alhamisi, 18 Desemba

Mvua siku tano mfululizo. Ziwa limepanda, watu wa mwaloni, pale mitumbwi inapopakua samaki, wamehamisha mizigo. Odeta amekuja ana wasiwasi: ukweni kwake wanauliza kwa nini asiende Shinyanga kula sikukuu, maana barabara ya huko inapitika. Nkwabi amewajibu kwamba ameshatoa neno kwa mama. Mama ni mimi! Nimemuuliza Odeta mumewe alisemaje hasa, kwa maneno yake. Alisema, mama ameshapanga.

Basi ni lazima twende, hata kwa kuogelea.

Jumatano, 24 Desemba

Tumefika!!

Tulitoka Igogo saa moja asubuhi, tumeingia hapa saa kumi jioni. Safari ya saa moja na nusu. Tumekwama mara nne. Pius na Nkwabi wamesukuma kiume, Queen amepoteza kiatu, jogoo mmoja amekufa kwa hasira. Magu, Mama alikuwa barabarani anatungoja, amekalia gunia la mchele. Pius akaruka upande wa pili wa gari, akachuchumaa nyuma ya tairi, akamwamkia kupitia Odeta. Mama akaitikia kupitia Odeta. Kisha akapanda mbele, akamgonga Nkwabi kichwani: "Wewe mume gani, unachelewa kumchukua mkeo?" Nkwabi akacheka. Nilisikia kutoka nyuma. Ana kicheko kizuri, cha tumboni.

Mihayo, mlinzi, alitupokea na mwavuli wenye mbavu tatu. Salamu nyingi za Kisukuma, sukari akaipokea kwa mikono miwili. Nyumba inanuka popo lakini bati ni zima. Banda letu linavuja pembeni tu. Pius amesogeza kitanda. Amekaa mlangoni anatazama ziwa, anapiga mluzi. Sikumbuki lini alipiga mluzi mara ya mwisho.

Alhamisi, 25 Desemba — jikoni, saa nane mchana

Naandikia gotini, kwa penseli ya Queen. Daftari nilikuwa nalo kwenye kikapu cha vyombo, basi hilo ndilo lililookoka. Niandike haraka, moshi unaniua.

Asubuhi jua. Jua kabisa! Misa kwenye kigango cha jirani, Mama mbele, Pius benchi la mwisho. Tumerudi, tumepika, Nkwabi na Pius wamefunga turubai kwenye nguzo nne. Saa saba pilau ilikuwa tayari. Nilikuwa nimevaa gauni la kitenge jipya. Nilikuwa nimejiandaa na sentensi: Nkwabi mwanangu, karibu chakula. Maneno manne. Nimeyarudia nikikaanga vitunguu.

Kisha upepo. Ulitoka ziwani, hata wingu hatukuliona likija. Turubai lilijaa, likang'oa nguzo zote nne, likaenda zake. Mvua ya mawe! Odeta akakimbia na mtoto, Queen na mimi na sufuria la pilau, Mama tumemburuta. Banda letu likatoa mlio na bati mbili zikaruka. Pius alikuwa ndani humo anaokoa godoro. Ametoka na godoro kichwani, akasimama kwenye mvua. Akatazama nyumba kubwa. Akaona Mama yumo. Akabaki palepale.

Mtu wa miaka hamsini, mawe yanampiga, amesimama na godoro kwa heshima!

Nikapiga kelele ingia, Baba Odeta! Akatikisa kichwa. Nililia, nasema kweli. Nikamgeukia Mama. Nilitaka kumwambia maneno makubwa, ya mila na ya wakati na ya Geita. Mama alikuwa ameshajifunika kanga kichwani. Ameshageuza kiti, uso ukutani. Amempakata Winnie. Akamwambia mtoto, kwa sauti ya kusikika mpaka nje:

"Winnie, mwambie babu yako nyumba hii ni pana. Mimi natazama ukuta, sioni mtu."

Mawe kwenye bati tu. Kisha Pius akaingia kinyumenyume, godoro na yote, akakaa pembe ya mlangoni, mgongo kwake. Miaka ishirini na mitatu!! Maji yanachuruzika kwenye sakafu ya kampuni. Naye akasema, anatetemeka, "Winnie, mwambie bibi mkubwa ahsante." Mama akasema, "Winnie, mwambie babu yako ale kwanza, pilau inapoa." Odeta akampelekea sahani. Wakala, migongo wakiwa wamepeana. Wanaongea kupitia mtoto aliyelala!

Nikasema moyoni, Mungu wangu, imetimia. Nikahesabu: Mama, Pius, Odeta, Queen, Winnie, mimi. Sita. Nkwabi alikuwa amekwenda kufunika gari.

Na hapo mlango wa mbele ukafunguka, akasimama Nkwabi. Shati limelowa limeganda kifuani, maji yanamtiririka usoni. Ananitazama, namtazama. Sentensi yangu ilikuwa tayari, maneno manne tu. Sahani yake ilikuwa mkononi mwangu!

Sijui nilifanya nini. Hakuna aliyenituma. Nilijikuta nimetupa sahani mezani, nimejifunika usoni kanga niliyojifunga kiunoni, nimetoka mlango wa nyuma mbio, visigino na yote, nimeingia humu jikoni, nimekaa juu ya kuni. Mtu wa kisasa!

Nilidhani basi, angalau yeye atakuwa ndani anakula. Queen amekuja mbio kuniletea penseli na habari, anacheka hajiwezi. Nkwabi hayumo. Aliponiona nimekimbia kwa aibu, naye akatoka, yuko barazani mbele, pembeni kule bati lisikofika, analowa. Ameambiwa nimetoka. Anasema hawezi kuingia na kumwacha mama kwenye mvua. Nami nimemjibu Queen kwamba siwezi kurudi nikimfukuza kijana wa watu. Queen ametupelekea maneno mara tatu. Sasa amegoma, anakula.

Kwa hiyo ndani kuna Mama na Pius, ambao nilipanga mwezi mzima wasionane. Na nje, mbele na nyuma, kuna sisi wawili, nyumba nzima katikati yetu na viti viwili vitupu.

Nina njaa. Nacheka, halafu nalia, moshi nao unasaidia. Nimemkosea mwaka mzima yule kijana na sasa analowa kwa ajili yangu.

Nasikia sauti ya Mama. Haisemi na mimi. "Winnie, mwambie bibi yako kiti chake tumekigeuza ukutani, karibu na changu."

Bibi yako. Ndiyo, mimi.

Mvua imepungua kidogo. Nkwabi amekohoa kule mbele, polepole, kama anavyokohoa mtu akitaka kupita kwenye ua wa wakwe, ili wajifunike kwanza.

Nami nimekohoa.